SWALI: Vibarua wa chuoni wanakatwa siku kwa hila, mimi karani nikinyamaza nina dhambi?

Asalaam aleikum sheikh. Mimi ni karani kwa ofisi ya wafanyikazi, chuo kikuu kimoja huku Pwani. Tuna vibarua wa kufagia, wa jikoni na wa kufyeka nyasi, wanaandikwa siku 24 halafu wanapumzishwa siku 3 halafu wanaandikwa upya, kuna mama mmoja yuko hivyo mwaka wa 6 sasa. Na kukiwa na mahafali hata zile siku 3 wanaitwa, naambiwa rejista niiache tupu, watapewa kitu kidogo mkononi. Nilipouliza kwa mkutano nikaambiwa naleta fitna. Je nina dhambi, na mshahara wangu ni halali?

JIBU:

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dadangu, nimelisoma swali lako mara mbili na kila nikifika kwa zile siku 3 nakumbuka Suratul A'raf, aya ya 163, habari ya kile kijiji cha kando ya bahari. Walikatazwa kuvua Jumamosi, na samaki kwa mtihani wa Allah wakawa wanakuja juu juu siku hiyo hiyo, siku zingine hakuna kitu. Wafasiri wanasema walichofanya ni kutega nyavu Ijumaa na kuja kuzitoa Jumapili, yaani ukiwauliza wanakwambia sisi Jumamosi hatujavua bwana, tulikuwa nyumbani. Sasa niambie, siku 24 kazi siku 3 mapumziko ina tofauti gani na nyavu zile? Manake sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi si kibarua tena, anahesabiwa kama wa mwezi, ana notisi ana haki zake. Wakubwa wako wanaijua vizuri ndio maana wanakata kabla haijafika! Na kazi ya kufagia madarasa haiishi, wanafunzi wanachafua kila siku, huyo mama miaka 6 anapumzishwa kutoka kwa nini?

Hadithi ya ujira ulipwe kabla jasho halijakauka twaijua sote, tunaisoma kwa mimbari mpaka imezoeleka. Lakini iko nzito zaidi, ile hadithul qudsi ya Bukhari, Allah anasema watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuajiri mtu akachukua kazi yake yote na asimpe ujira wake. Na haisemi mfanyikazi Muislamu, uliyemtumikisha ni huyo huyo awe wa dini gani.

Kuhusu fitna. Suratun Nisaa aya ya 148, Allah hapendi maneno mabaya kutangazwa isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Wewe hujatukana mtu, umeuliza kwa mkutano, hiyo ni nasiha. Na rudi kwa kile kijiji, kulikuwa na kundi la tatu, hawakuvua wala hawakukataza, wao kazi yao kuwaambia wenzao mwawaonya wa nini watu hawa. Wale waonyaji wakajibu, ili tuwe na udhuru mbele ya Mola wenu. Ilipokuja adhabu aya imetaja waliookolewa, wale waliokataza. Lile kundi la kimya wanazuoni wamekhitalifiana juu yao mpaka leo, mimi sikushauri ujiunge nalo.

Mshahara wako ni halali kwa kazi ya halali unayofanya, usijitie wasiwasi ukaacha kazi, ukiondoka atawekwa mwingine asiyeuliza chochote. Ila rejista hapana. Mtu amekuja saa kumi na mbili asubuhi akapanga viti vya mahafali halafu wewe unaacha mstari wake mtupu, hapo umeshuhudia uongo kwa mkono wako, na kusema nimeamrishwa hakukutoi. Mwambie mkubwa wako kwa adabu, wawili peke yenu kwanza, kwamba utaandika siku waliyofanya kazi. Akikataa muandikie, ubaki na kopi. Halafu chama cha wafanyikazi, halafu ofisi ya leba, na usiende peke yako, tafuta wenzako wawili watatu wa kudumu, maana nyinyi kuwafuta ni kazi, kibarua anafutwa kwa kuambiwa tu kesho usije.

Chuo kikiwa kweli hakina pesa hilo ni jambo jingine, mwenye dhiki anapewa muda, lakini muda unaombwa kwa mwenye haki, hauchukuliwi kwa kufuta siku zake.

Na huyo mama, muulize kama ana vijikaratasi vyake vya malipo vya tangu mwanzo, hata vilivyochakaa. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo, watu wa zamani walikuwa wanapewa kikaratasi kuonyesha wamefanya kazi. Mwambie asitupe hata kimoja, na zile siku za mahafali aziandike kwa daftari, tarehe na nani alimuita.

Wallahu a'lam.