Mtoto wa miaka 9 ana kilo 35: nimuweke kwenye dayati?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tabata. Mkubwa ni wa kiume, ametimiza miaka 9 mwezi uliopita. Shuleni walipimwa, akakutwa na kilo 35 na urefu wa sentimita 132. Nimepiga hesabu ya BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, kwenye simu ikaja 20, simu ikaniambia ni kawaida. Lakini mwalimu wake anasema anachoka haraka kwenye michezo, na wenzake wanamwita Bonge. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa kumi jioni, halafu ni katuni mpaka nirudi kazini. Mdogo wake wa kike ana miaka 4. Huyu mboga za majani hataki hata kuziona, ni wali mkavu na chai ya rangi. Mama mkwe anasema nisiwasumbue watoto, mtoto akinenepa ndiyo afya. Je, mkubwa nimuweke kwenye dayati? Na mazoezi wafanye yapi, kwa muda gani, wakati sisi hatuna uwanja, ni uchochoro tu mbele ya geti?

JIBU

Mama, ahsante kwa kuandika kilo pamoja na urefu. Wazazi wengi huleta kilo peke yake, na kilo peke yake hazisemi kitu.

Simu imekupotosha. Kilo 35 ukigawa kwa 1.32 mara 1.32 unapata 20.1, na kwa mtu mzima hiyo ni namba nzuri kabisa, kwa sababu mtu mzima anatakiwa awe kati ya 18.5 na 25. Mtoto hana mpaka mmoja wa namna hiyo. BMI yake inabadilika kadiri anavyokua, kwa hiyo inasomwa kwenye chati ya umri na jinsia. Kwa chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, mvulana wa miaka 9 aliye katikati ya wenzake ana 16. Akivuka 17.9 tunasema ana uzito uliozidi, akivuka 20.5 tunasema ana kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Mwanao amevuka mstari wa kwanza na amekaribia sana wa pili. Kwa hiyo lipo jambo la kufanya, na la kufanya sasa, ila si dayati.

Angalia hesabu hii. Mtoto wa umri wake hurefuka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akitimiza miaka 10 akiwa na sentimita 138 na kilo zake zile zile 35, BMI itakuwa 18.4. Mstari wa uzito uliozidi kwa mvulana wa miaka 10 ni 18.5. Yaani hajapungua hata kilo moja, na amerudi upande wa kawaida kwa kurefuka tu. Hata akiongeza kilo moja katika mwaka mzima, bado atakuwa anaelekea kuzuri. Lengo letu ni kupunguza kasi ya kuongezeka, kimo kifanye kazi iliyobaki. Ukimnyima chakula mtoto anayekua, unamnyima protini, chuma na kalsiamu anavyovihitaji kwa huo urefu, na unamfundisha kula kwa kujificha. Mtoto anayenyimwa nyumbani hununua dukani kwa Mangi.

Badala yake, gawaneni kazi. Wewe mzazi unaamua nini kinapikwa, kinaliwa saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani katika ulichoweka mezani. Kila mtu abaki kwenye kazi yake. Wewe usimlazimishe amalize sahani, yeye asichague kwamba leo ni chipsi mayai. Na kinachopikwa kiwe cha nyumba nzima. Ukimpa yeye tembele na maharage huku baba na mdogo wake wanakula kuku wa kukaanga, umemwambia mbele ya wote kwamba yeye ndiye mwenye tatizo, na jina la Bonge umelihamishia nyumbani.

Anza na vinywaji, kwa sababu hapo utaona mabadiliko bila ugomvi wa chakula. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa umri wake, anayehitaji kilokalori kama 1,700, asilimia 10 ni gramu 42 hivi. Soda moja na kikombe kimoja cha chai yenye vijiko vitatu vimeshavuka. Juisi ya pakiti anayobeba kwenye begi imo kwenye hesabu hiyo, na juisi yako ya ukwaju ya nyumbani nayo imo. Embe lenyewe, likiliwa kwa meno, halimo. Kwa hiyo kinywaji cha kila siku kiwe maji, chupa yake ijae kila asubuhi, na friji isiwe na soda. Soda ibaki kwa harusi na sikukuu, kama ilivyokuwa kwa wazazi wetu. Sukari ya chai punguzeni nusu kijiko kila wiki, nyumba nzima, hakuna atakayelia.

Linalofuata ni asubuhi. Anayetoka saa kumi na moja na nusu bila kula, saa nne ana njaa kali, na kilicho mbele yake ni maandazi, kripsi na juisi ya rangi. Usiku chemsheni viazi vitamu au mihogo pamoja na mayai. Alfajiri ni kupasha na kufungasha. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A nyingi na watoto huvipenda kwa utamu wake. Yai moja, kiazi kimoja na ndizi mbivu vinamfikisha mchana vizuri kuliko maandazi manne.

Kwenye chakula cha jioni, mwongozo wa taifa wa chakula na ulaji unaogopesha watu kwa kutaja makundi sita, lakini meza ya kawaida ya Dar inayafikia kirahisi: ugali au wali, maharage, dagaa au samaki, mchicha, kipande cha papai, na mafuta kidogo ya kupikia. Tatizo letu ni mizani. Wali unakuwa mlima, mboga inakuwa pambo. Mpakulie ugali au wali wa ukubwa wa ngumi yake yeye, si yako, halafu nusu ya sahani iwe mboga na tunda. Akitaka kuongeza, asikatazwe. Asubiri kidogo, aanze kuongeza maharage na mboga, na kama bado ana njaa aongezewe na ugali. Na dada wa kazi, kama mnaye, apime mafuta kwa kijiko cha mezani badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, maana kijiko kimoja kina kilokalori kama 120. Vibua wa kuchoma au wa kuchemsha na ndimu ni watamu kuliko wanaoogelea kwenye mafuta, na ni samaki wa bei nafuu pale Feri.

Sasa binti. Nakuomba umtazame kwa uzito ule ule, kwa sababu unene unaonekana kwa macho na upungufu wa damu hauonekani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 59 katika kila 100, wa miezi 6 hadi 59, wana upungufu wa damu. Mtoto wa miaka 4 anayeishi kwa wali mkavu na chai ya rangi yuko palepale, kwani wali una chuma kidogo na chai inazuia hata hicho kidogo kisifyonzwe. Chai imtoke kabisa kwenye muda wa kula. Apate dagaa, maini, maharage, nyama kidogo anapobahatika, na kipande cha chungwa au ndimu juu ya mboga, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha mimea. Karanga mpe zilizosagwa. Nzima bado ni hatari kwa umri wake, anaweza kupaliwa.

Kukataa mboga katika umri huo ni jambo la kawaida la ukuaji, si ukaidi. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali, na wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu. Weka kijiko kimoja cha tembele la nazi pembeni mwa sahani yake kila siku, kula lako mbele yake kwa furaha, usimsemeshe kuhusu hicho kijiko. Akiligusa, sawa. Akiliacha, sawa, kesho lipo. Nenda naye gengeni achague yeye fungu la mchicha, akusaidie kuuchambua. Mtoto huonja alichokishika. Kitu kimoja nakusihi usifanye ni kumwambia "maliza mboga nikupe pipi". Maneno hayo yanamfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo tuzo, na somo hilo hudumu miaka mingi.

Mazoezi. Mkubwa anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka apumue kwa kasi, na siku tatu za wiki ziwe na kitu cha kujenga misuli na mifupa: kuruka, kukwea, kubeba. Mdogo anahitaji dakika 180 za kucheza kwa siku nzima, angalau 60 kati ya hizo ziwe za kukimbiakimbia, na muda wa skrini usizidi saa moja. Hazihitaji kuwa mfululizo. Na uchochoro wenu unatosha! Rede inachezwa kwenye upana wa gari moja, na anayekaa katikati kukwepa mpira anatoka jasho kuliko aliye kwenye mashine ya jimu. Kuna kombolela, kamba, chandimu na watoto wa jirani. Kwa kuwa mwanao anachoka haraka, aanze na dakika 15 au 20 za mchezo anaoupenda, kisha muongeze kidogo kidogo kila wiki. Usimuanzishie kukimbia barabarani na baba yake, ataona kama anaadhibiwa kwa mwili wake. Kazi za nyumbani nazo zimo: kufagia mbele ya geti, kufua soksi zake, kubeba ndoo ndogo.

Mpangilio wa jioni uwe hivi: akirudi saa kumi anakula tunda na maji, anapumzika, jua likipungua saa kumi na moja anatoka nje, anaingia magharibi. Katuni baadaye, kwa muda mliokubaliana, na kamwe si wakati wa kula, maana macho yakiwa kwenye skrini tumbo halisikiki likisema limeshiba. Masika ikifunga njia, washeni singeli sebuleni. Dakika 20 za singeli si mchezo kwa mapafu ya mtu yeyote, na wewe mama ukicheza nao wataomba iwe kila siku. Jumapili moja moja Coco Beach au Kigamboni, mkimbie mchangani, muwe na maji yenu na matunda kwenye kikapu.

Halafu kuna usingizi, ambao foleni ya jiji imetunyang'anya. Mtoto wa miaka 9 anahitaji saa 9 hadi 12. Akiamka saa kumi na moja, inabidi awe amelala saa mbili usiku ili apate hizo 9, kabla tamthilia haijaanza. Mtoto asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi na hutamani vitamu. Kama mnaweza kupata basi linalomchukua baadaye, au shule ya karibu zaidi, ningelipa jambo hilo uzito kuliko dawa yoyote ya hamu ya kula.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye. Amekulia wakati mtoto mwembamba alikuwa mtoto anayeweza kufa, na hata utafiti ule wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Hofu yake ina msingi. Mpe kazi: "Mama, tunaomba utufundishe kupika kisamvu na kunde kama ulivyokuwa ukipika." Ataingia upande wako bila kushindwa. Baba naye, kama huleta chipsi kuku kwenye mfuko usiku kuonyesha mapenzi, alete tikiti, au mpira mpya. Dada wa kazi akae kwenye mazungumzo haya tangu mwanzo, kwa sababu yeye ndiye mwenye watoto saa nyingi kuliko nyote wawili.

Mwisho, kuchoka haraka usikuchukulie kuwa ni unene tu. Wapime wote wawili wingi wa damu: mkubwa isiwe chini ya gramu 11.5 kwa desilita, mdogo isiwe chini ya 11. Daktari amsikilize mkubwa kifua pia, pumu hujificha hivyo. Nenda naye mapema zaidi ukiona weusi shingoni au kwapani usiotoka kwa kuoga, anakoroma na kukata pumzi usingizini, ana kiu na kukojoa kupita kawaida, au anachechemea kwa maumivu ya nyonga au goti. Kwa upande wa Tabata, Amana ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu. Uliza afisa lishe, beba kadi ya kliniki ya mdogo na vipimo vya shule vya mkubwa. Baada ya hapo mpime urefu na uzito kila baada ya miezi mitatu, faraghani, bila kumtajia namba mbele ya watu.