Utajuaje kusudi la maisha yako? Angalia nani anakuita

Mdogo wangu, umeuliza utajuaje kusudi la maisha yako, na kama kujitolea si kupoteza muda wakati bado unasaka ajira. Nikujibu kwa yaliyonikuta.

Umri wako nilikuwa na daftari limejaa malengo, na hakuna hata moja lililonitoa kitandani. Kilichonitoa ni jirani yetu, bibi mmojawapo wa wale macho yameshachoka, aliyekuwa akiniita nimsomee maelezo ya dawa zake. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikamchorea mistari minene juu ya kila boksi: mmoja asubuhi, miwili usiku. Akaanza kumeza mwenyewe. Siku moja akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi za mistari miwili kwa nini lazima nile kwanza?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kumuuliza mfamasia, nikarudi na jibu lake pamoja na maswali yangu mwenyewe kibao. Leo ufamasia ndio kazi yangu.

Sidhani hii ni bahati yangu peke yangu. Henri Dunant, Mswisi, mwaka 1859 alikuwa safarini kumtafuta Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, kwa mambo ya biashara yake ya Algeria. Karibu na Solferino, Italia, akakuta maelfu ya majeruhi wa vita hawana wa kuwatazama. Akawahimiza wenyeji wawahudumie wa pande zote. Kutokana na hilo, mwaka 1863 ikaundwa kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Wengi huishia hapo wakisimulia. Mwaka 1867 huyo huyo alifilisika, akaishi miaka mingi kwa dhiki kabla ya kupata Nobeli ya Amani mwaka 1901.

Kwa hiyo tumikia watu, ila riziki yako usiitelekeze. Jiulize tu: nani huniita mara kwa mara, na huniita kwa lipi? Anzia hapo, hata kama ni jambo dogo lisilopigwa picha (wanaokimbilia kamera siku hizi ni wengi mno). Ukijitolea kwenye taasisi, uliza mapema nani atakufundisha kazi, saa ngapi kwa wiki, na mpaka lini. Wakikuzungusha kwenye hilo la mwisho, shukuru uondoke. Wanatafuta mfanyakazi wa bure.