Pete nyekundu isipotokea: kwa mnaoanza kupima indoli

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilimkana bakteria aitwaye Escherichia coli (E. coli) mchana kweupe. Sampuli ilikuwa ya mkojo. Kwenye agari ya MacConkey, ambayo ni chakula kigumu chenye rangi cha kuoteshea bakteria, koloni zilikuwa za waridi, bapa, kavu kavu. Nikadondosha kwenye neli kitendanishi cha Kovács, kimiminika kinachoonyesha indoli, kemikali ambayo E. coli huitoa, nikasubiri pete nyekundu ielee juu ya mchuzi. Haikuja. Nikaandika "indoli hasi" na kuanza kumtafutia bakteria wangu jina jingine.

Mkuu wa zamu, mama asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja: "Umemlisha nini?"

Maji ya peptoni, yaani mchuzi wa protini iliyovunjwa vipande, yalikuwa yameisha, nami nikachukua mchuzi mwingine uliokuwa kwenye friji. Ulikuwa na glukosi.

Mtaambiwa kipimo hiki ni chepesi, na kwa upande wa mikono ni kweli. Ila kumbukeni kwamba kitendanishi hakimtambui bakteria. Kinatambua kilichobaki baada ya kimeng'enya chake, triptofanesi, kufanya kazi. Triptofani ni asidi amino yenye pete mbili zilizoungana, na pembeni yake mkia wa kaboni tatu. Triptofanesi, kikisaidiwa na vitamini B6 iliyo katika umbo lake tendaji, hukata mkia huo. Mkia unakuwa piruvati, chakula halisi cha seli. Nitrojeni ya mkia inatoka kama amonia. Pete zinabaki nzima, nazo ndizo indoli. Ndani ya asidi, indoli hukamatana na aldehidi iliyo kwenye kitendanishi na kuwa nyekundu, kisha alkoholi ya amili huipandisha juu. Ndiyo pete mnayoisubiri.

Sasa, kwa nini glukosi iliniumbua? E. coli hakoki moto kwa kuni mbichi wakati mkaa upo. Akiwa na glukosi, kiwango cha molekuli ya ishara iitwayo AMP ya mzunguko ndani ya seli hushuka. Bila molekuli hiyo, protini iitwayo CRP haikai mahali pake kwenye DNA, na jeni ya triptofanesi husomwa kidogo mno. Kimeng'enya hakitengenezwi cha kutosha, indoli haipo, pete haiji. Bakteria alikuwa E. coli yule yule. Mimi ndiye niliyemshibisha kwa kitu kingine.

Glukosi ni mlango wa kwanza wa jeni hiyo. Mlango wa pili ndio ninaoupenda zaidi, na kazi ya Charles Yanofsky na wenzake huko Stanford ndiyo iliyotufungulia macho. Kabla ya jeni ya triptofanesi kuna kipande kifupi kinachotoa peptidi ya asidi amino 24 tu, TnaC. Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikiwa inamalizia kuitengeneza, na triptofani huru ni nyingi ndani ya seli, triptofani hiyo huinasisha ribosomu pale pale kwenye alama ya kusimama. Haishuki. Fikiria daladala iliyozimika kituoni: hakuna gari jingine linalopata pa kusimama. Anayekosa nafasi hapa ni Rho, protini ambayo kazi yake ni kudandia RNA iliyo wazi na kukatisha usomaji wa jeni. Rho akikosa pa kudandia, usomaji unaendelea mpaka kwenye jeni ya triptofanesi, na ya pili yake inayotengeneza kipitishio cha kuingiza triptofani ndani. Triptofani ikiwa haba, ribosomu inashuka, Rho anapanda, kazi inakatishwa njiani.

Kwa hiyo masharti ni mawili: glukosi isiwepo, triptofani iwepo. Mkishika hayo, maelekezo ya ukutani hayatawasumbua. Mtajua kwa nini peptoni iwe ya kumeng'enywa kwa vimeng'enya, maana kuchemsha kaseini, protini ya maziwa, kwenye asidi huiangamiza triptofani. Someni lebo ya kopo. Mimi nimewahi kuona watu wakilaumu kitendanishi siku nzima.

Nami nilipata somo jingine siku ile. Ningeweka E. coli ninayemjua kwenye mchuzi ule ule, naye angetoka hasi, na ningejua tatizo ni mchuzi. Kila midia mpya, yaani mchuzi au agari ya kuoteshea, ipimwe na bakteria chanya na hasi mnaowajua kabla ya kuigusisha sampuli ya mgonjwa. Kosa hapa linabadilisha jina: Klebsiella pneumoniae ni hasi na K. oxytoca ni chanya. Proteus mirabilis ni hasi na P. vulgaris ni chanya.

Mkienda kusoma zaidi, msichanganye habari. Sisi binadamu hatuna triptofanesi. Ini letu lina kimeng'enya kingine, kinachoipasua pete yenyewe kwa oksijeni, na njia hiyo hutusaidia kupata niasini (vitamini B3): takriban miligramu 60 za triptofani kwa miligramu 1. Anayeishi kwa ugali mtupu hupungukiwa na vyote viwili, na pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, huanzia hapo. Indoli tuliyo nayo mwilini ni ya bakteria wa utumbo. Ini huigeuza kuwa indoksili salfeti, figo zikaitoa kwenye mkojo, na kwa mgonjwa wa figo hulundikana damuni.

Tukirudi mezani: kipimo cha haraka cha kupaka koloni kwenye karatasi ya kuchuja msikifanye kwa koloni za MacConkey, kwa sababu rangi ya agari ile huwadanganya macho. Chukueni za agari ya damu. Na kitendanishi cha Kovács kiwe cha manjano hafifu. Kikigeuka kahawia, kimwageni kwenye chombo cha taka za kemikali, hata kama chupa imejaa.