Humuoni adui mpaka umeshakufa? Mara nyingi si macho yako

Umeuliza kama ni macho au monita ndo inafanya usione adui kwenye gemu za kufyatuliana risasi mpaka ushapigwa. Kaka, mara nyingi ni ramani yenyewe, yaani uwanja mnaopigania. Cheki Dust II, ramani ya gemu ya Counter-Strike, ipo tangu 2001 na watu bado wanaipenda, kuta za rangi ya mchanga, tupu, mtu akitokeza kichwa unamuona fasta, na hata Valve, wenye gemu hiyo, walivyoitengeneza upya 2017 waliongeza mwanga kwenye sehemu zenye giza. Mapambo si mabaya ila yakae juu kwenye mapaa au mbali nje ya uwanja, siyo usawa wa kichwa, hapo ndo jicho linamtafuta mtu, sasa ukijaza mabango, majani, nyaya na moshi jicho linabaki kuchambua vitu visivyo na maana na mwenzako keshafyatua. Gemu ya Team Fortress 2 ya 2007 walipita njia nyingine, kila mhusika ana umbo lake, ukiona umbo tu kwa mbali unajua huyu Heavy, lile jitu kubwa, huyu Scout, yule mwembamba wa mbio. Gemu ya Valorant wao wanamzungushia adui mstari mwekundu na unaweza kuubadili uwe wa njano. Kinachoniuma ni gemu kutengeneza ramani safi halafu inauza skini, yaani mavazi ya mhusika, za kijani na kahawia zinazopotelea ukutani, hiyo si haki kabisa.

Kwa sasa punguza majani na vumbi kwenye settingi, ila kwenye Counter-Strike vivuli usivishushe, kivuli cha mtu huwa kinatangulia kwenye kona kabla yake.