Jimbo linatuita akina mama tuseme. Niende?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Naishi Marekani mwaka wa nne sasa, nina mtoto wa miezi mitatu, nilijifungua kwa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kliniki wamenipa karatasi: idara ya afya ya jimbo inawaita watu waseme shida za akina mama, watoto wachanga na vijana. Mimi si raia, na Kiingereza changu si cha kusimama mbele za watu. Kuna maana gani kwenda?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Nenda.

Tangu 1935 kuna sheria, watu wa afya huiita Title V, inayoyapa majimbo fedha za afya ya mama na mtoto. Kwa kila dola 4 za serikali kuu, jimbo linaweka 3 zake. Kila baada ya miaka 5 jimbo ni lazima lipime upya mahitaji ya watu wake, na mpango wake liuweke wazi ili mtu yeyote autolee maoni. Sheria imesema mtu yeyote, haikusema raia.

Ukipewa nafasi, zungumzia miezi ya baada ya kujifungua. Tumezoea kuogopa chumba cha uzazi, mama akitoka na mtoto mkononi tunapiga vigelegele na kumsahau. Kamati za majimbo 36 zilichunguza vifo vitokanavyo na ujauzito vya 2017 hadi 2019: zaidi ya nusu vilitokea kati ya siku ya saba na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Na zaidi ya asilimia 80 vingeweza kuzuilika.

Namkumbuka mama mmoja, wiki ya kumi, miguu imevimba, akilala chali anakosa pumzi. Medicaid yake ilikatika siku ya 60, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, akakaa nyumbani akiogopa bili. Ilikuwa moyo. Alipona, ila hadi leo akipanda ngazi hupumzika katikati. Bado inaniuma.

Sheria ya 2021 iliyaruhusu majimbo, kuanzia Aprili 2022, kurefusha bima hiyo hadi miezi 12, na mengi sana yamefanya hivyo. Kesho muulize ofisa ustawi wa jamii wa kliniki yako itaisha tarehe ngapi, usingoje barua. Ukivimba, ukikosa pumzi, ukiumwa kichwa kisichotulia au ukijiona huna hamu hata ya kumshika mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Lugha isikuzuie. Piga simu mapema uombe mkalimani wa Kiswahili. Idara inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukusaidia uelewe na ueleweke, msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Hili nalo liseme kwa ajili ya vijana wetu. Nimemwona binti wa miaka 12 akimtafsiria mama yake kwamba mimba imeharibika. Kanuni zinakataza mtoto kufanywa mkalimani hospitalini isipokuwa kwa dharura, lakini watoto wetu wanabebeshwa mzigo huo kila siku.

Mbebe mtoto uende naye. Ukiona huwezi kusimama, andika kwa Kiswahili chako uwakabidhi karatasi: ulijifungua lini, nani alikupigia simu kukujulia hali, na wiki ipi hukuwa na wa kumuuliza.