Mayai ya kuoka kwa jiko la mkaa

Dada, umeuliza kama mayai ya kuoka yanawezekana bila oveni, na kwa nini yako yalitoa maji chini. Jiko la mkaa linatosha kabisa. Maji yanatoka kwenye nyanya na vitunguu vilivyoingia vibichi: vikaange kwanza mpaka mafuta yajitenge.

Kwa watu 6, mayai 10, maziwa nusu kikombe, hoho, na viazi mviringo vilivyochemshwa. Sisi wa Mwanza tuna bahati ya samaki, kwa hiyo mimi naongeza sato wa kubanika, nimemchambua kwa vidole mpaka nihakikishe hakuna mwiba, maana watoto nao wanakula. Sangara wa moshi wa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ni mtamu zaidi, ila onja kabla hujatia chumvi.

Changanya vyote, paka sufuria mafuta, mimina, funika. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama unaoka keki. Baada ya nusu saa hivi chungulia: kingo zikiachana na sufuria na katikati ikitikisika kidogo bila ujiuji, epua. Ukizidisha moto, mayai yanakaza na maji yanatoka tena. Yaache dakika 10 ndipo ukate.