"Fare" ni ndugu wa "-sha": kwa waongoza watalii wapya wa Malindi na Watamu

Wanangu, msimu umefunguka na tayari nasikia Kiitaliano kibovu cha "faccio il bambino dormire" ufuo mzima, mtu akitaka kusema "ninamlaza mtoto". "Fare" ("faccio" ni "nafanya") ni "kufanya" ya Kiitaliano, na ikishikana na kitenzi kingine hufanya kazi ya "-sha" yetu. Tuyamalize haya mapema.

1. Msipitie Kiingereza, "I make the child sleep". Kulala, kulaza: lugha yenu imeshawapa kitenzi kimoja. Mwitaliano naye hushikanisha "fare" na kitenzi cha pili, mtoto akafuata nyuma: "Faccio dormire il bambino." Akiwa kiwakilishi, hutangulia: "Lo faccio dormire." Ni kama -m- ya "ninamlaza" inavyotangulia mzizi. Mtu aliyekua na somesha, lisha na pitisha anahangaikia nini hapa?

2. Kitenzi cha pili kikiwa na shamirisho yake, mtendaji hupewa "a" (ambayo pia ni "kwa" ya kumpelekea mtu) au "da" ("na" ya mtendaji). Hapa ndipo watu huumia. Kijana mmoja wetu alibaki na chenji ya mgeni baada ya safari ya mashua. Akamwambia kwa adabu: "Faccio portare il resto all'autista." Alikusudia dereva ailete hotelini. Yule mama akaelewa chenji inapelekewa dereva. Sentensi hiyo inabeba maana zote mbili, na anayengojea pesa yake huisikia ile inayomnyima. Alipofika hotelini alikwenda moja kwa moja kwa meneja, na kijana mwaminifu kuliko wengi ninaowajua akaitwa mwizi mbele ya wenzake, dereva akiwa njiani na pesa mfukoni. Alilia, na mimi nilishindwa la kumwambia. Angesema "Le faccio portare il resto dall'autista", yasingetokea. Basi pakiwa na pesa, funguo au pasipoti, mtendaji mpeni "da". Ila "far vedere" (kuonyesha) na "far sapere" (kujulisha) hubaki na "a": Gede tunawaonyesha watoto magofu, "faccio vedere le rovine ai bambini".

3. Katika amri, kiwakilishi hunata kwenye "fare": "fammi sapere" (nijulishe), "fallo entrare" (mwingize).

4. "Alzarsi" (kuamka) hupoteza "si" ikifuata "fare": "Faccio alzare i bambini alle sei." Na kweli waamsheni saa kumi na mbili, maji kupwa hayamngojei mtu.

5. Bei ni "farsi pagare" (kutoza): "Mi faccio pagare trenta euro." Wakati uliopita hutaka "essere" (kuwa), kwa hiyo kaka aseme "mi sono fatto pagare", dada "mi sono fatta pagare". Na itajeni kabla nanga haijang'olewa.